Barua ya wazi: Megawati zipo, transfoma ya mtaani je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati. Kwa EWURA (mdhibiti wa nishati), TANESCO (shirika la umeme), REA (wakala wa nishati vijijini) na TBS (shirika la viwango). Kwa wakuu wa mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na wakurugenzi wa halmashauri zake.

Waheshimiwa,

Sisi ni mafundi na wahandisi wa umeme wa Nyanda za Juu Kusini. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na sehemu ya nishati hiyo itakuwa umeme. Wakati huohuo pikipiki na bajaji za umeme zinaingia sokoni, na magari ya umeme yaliyotumika yanaagizwa kutoka Japani kama ambavyo yamekuwa yakiagizwa ya petroli. Kila yanapotajwa haya, watu huuliza: gridi itabeba?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni la megawati. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya MW 235 kila mmoja, jumla MW 2,115. Kidatu ina MW 204, Kihansi MW 180, Mtera MW 80, na ipo mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi. Uwezo uliosimikwa nchini umepita MW 3,000. Ni hatua kubwa na tunaiheshimu. Lakini mkazi wa Ilomba, Mbeya, au Kihesa, Iringa, haunganishwi na bwawa la Rufiji. Anaunganishwa na transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwake, kwa waya wa alumini wa mita mia kadhaa ambao anagawana na majirani. Kwa maoni yetu mitambo inatosha kwa kuanzia, njia kuu zinaelekea kutosha, na msongo mdogo, yaani volti 400 na 230 za mitaani, hautabeba ukiachwa ulivyo. Tena katika mikoa yetu ya baridi, mzigo utakaoulemea kwanza ni maji ya kuoga. Pikipiki na magari yanafuata nyuma.

Njia kuu tuzipitie kwa ufupi. Mbeya imekuwa mwisho wa laini ndefu ya kV 220 inayotoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi hadi kituo cha kupoza umeme cha Mwakibete. Makambako imezaa tawi la kV 220 kwenda Songea. Mwisho wa laini ndefu volti hushuka mzigo unapopanda, na hitilafu moja njiani inatosha kuzima mkoa mzima. Mradi wa TAZA wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia, wa kV 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umekusudiwa kuondoa udhaifu huo. Msiuache ucheleweshwe kwa namna yoyote. Hata hivyo TAZA ikikamilika leo, volti za nyumba ya mwisho kule Isyesye, Mbeya, hazitabadilika kama waya unaomfikia mwenye nyumba ni uleule mwembamba.

Sasa tuje mtaani. Transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) inatoa ampia 144 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme. Ya kVA 50 inatoa 72, ya kVA 200 inatoa 289. Chukueni mfano wa transfoma ya kVA 100 inayolisha nyumba 120. Jioni kila nyumba ikiwa na taa, televisheni, simu chache na friji, kwa wastani wati 400, jumla ni kilowati 48. Transfoma iko nusu, na mpangaji wa mtandao ana kila sababu ya kulala usingizi.

Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, nyumba 30 kati ya hizo zina shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo. Shawa moja ya kilowati 5 inavuta ampia 22. Kati ya saa 12 na saa 1:30 asubuhi kila mtu anaoga kabla ya kazi au shule. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika 7 au 8, inawasha shawa nusu saa ndani ya saa moja na nusu. Maana yake kwa wastani shawa 10 zinawaka kwa pamoja, na dakika mbaya zinafika 15. Shawa 15 ni kilowati 75. Ongeza mabirika ya kilowati 2 ya chai, taa na pasi za sare za shule, transfoma imejaa. Na kama 8 kati ya hizo 15 ziko fezi moja, hiyo fezi peke yake inabeba ampia 176 za shawa tu, wakati uwezo wake ni 144. Fyuzi inaungua. Inawekwa nyingine, keshokutwa inaungua tena, mpaka siku mtu anaamua kuweka waya mnene mahali pa fyuzi. Kuanzia hapo kinachoungua ni transfoma yenyewe.

Kuna jambo la kututuliza kidogo, na ni haki kulisema. Baridi inaisaidia transfoma. Karatasi ya kuhami iliyo ndani yake huzeeka takribani mara mbili kwa kila nyuzi 6 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 8 ya Mbeya inaivumilisha mzigo wa ziada wa saa moja kuliko mchana wa Dar es Salaam. Lakini uvumilivu huo unategemea mafuta yaliyomo. Transfoma iliyoibiwa mafuta, au inayovuja kwenye gasketi bila mtu kuikagua, haina akiba yoyote. Vilevile vizuia radi. Huku kwetu radi ni nyingi, na kizuia radi kilichopasuka kisipobadilishwa, radi inayofuata inaingia kwenye koili.

Dawa ya shawa inajulikana na haihitaji megawati hata moja. Kuoga kwa lita 25 za maji yaliyotoka nyuzi 15 hadi 38 kunahitaji uniti 0.67 kwa njia yoyote ile. Tofauti ni kasi ya kuichukua nishati hiyo. Hita ya tanki la lita 50 yenye koili ya kilowati 1.5 inapasha tanki zima kutoka nyuzi 15 hadi 55 kwa saa moja na nusu hivi, uniti 2.3, na ikifungwa saa ya kuiwasha inafanya kazi hiyo saa 8 usiku watu wamelala. Mzigo unatoka kilowati 5 za asubuhi kwenda kilowati 1.5 za usiku. Bora zaidi ni hita ya jua juu ya paa. Kiangazi cha Mbeya na Iringa kina baridi asubuhi na jua kali mchana, na tanki la jua lililohamiwa vizuri linatunza maji ya moto hadi asubuhi. Halmashauri zinapoidhinisha ramani za nyumba mpya, hosteli na nyumba za wageni, zidai hita ya jua au tanki lenye saa. Hosteli ya vyumba 40 yenye shawa 40 za papo kwa papo, ikiungwa kwenye transfoma ya mtaa, ni mzigo ambao hakuna aliyeupangia.

Jambo la pili ni urefu wa waya. Waya uliosokotwa wa alumini wa milimita 50 za mraba, unaotumika sana kwenye laini za msongo mdogo, una ukinzani wa omu 0.641 kwa kilomita. Kwa mita 500 ni omu 0.32. Ampia 40 zikipita kwa kila fezi, fezi zote tatu zikiwa sawa, volti zinazopotea ni 13 na nyumba ya mwisho inapata 217. Ampia 40 zilezile zikiwa fezi moja tu, zinarudi kwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na nyutro nayo ina ukinzani karibu sawa. Upotevu unakuwa volti 26, na nyumba ya mwisho inapata 204. Vifaa vingi vimetengenezwa kufanya kazi vizuri kati ya volti 207 na 253. Hapo bado hatujawasha gari.

Umeme hafifu una tabia mbili zinazopingana, na wapangaji wengi huiona moja tu. Jiko la koili na pasi hupungukiwa nguvu kwa mraba wa volti, hivyo jiko la wati 1,000 kwenye volti 190 linatoa wati 680 hivi. Maharage hayaivi, mama analaumu jiko na kurudi kwenye mkaa. Chaja ya betri hufanya kinyume. Inataka wati zake zilezile, na volti zikishuka inaongeza ampia. Chaja ya wati 900 inavuta ampia 3.9 kwenye volti 230, na 4.7 kwenye volti 190. Ampia zikiongezeka volti zinashuka tena. Laini iliyokuwa dhaifu kwa majiko itakuwa dhaifu zaidi kwa chaja.

Kupandisha tepu ya transfoma, yaani swichi inayobadili volti inazotoa, ni nafuu ya haraka. Tepu nyingi zina hatua tano, kila moja asilimia 2.5, na hubadilishwa transfoma ikiwa imezimwa. Ila ukiipandisha ili nyumba ya mwisho ipate volti 215 saa 2 usiku, nyumba ya kwanza inaweza kupata zaidi ya 250 saa 9 usiku mzigo ukiwa mdogo, na balbu na vifaa vyake vinaungua. Tepu haiwezi kuziba pengo la waya.

Njia tunayoiamini ni kuisogeza transfoma karibu na watu. Laini inayolishwa kutoka mwisho mmoja, nyumba zikiwa zimetawanyika sawasawa, ukihamishia transfoma katikati yake unagawa ampia nusu kwa nusu na urefu nusu kwa nusu. Upotevu wa volti unabaki robo, bila kubadilisha mita hata moja ya waya. Ndiyo sababu transfoma tatu za kVA 50 zilizopangwa vizuri zinawafaa wakazi kuliko moja ya kVA 200 iliyosimama kona ya barabara kwa kuwa ndipo laini ya kV 33 au 11 ilipopita. Gharama ni kuisogeza laini ya msongo wa kati ndani ya mtaa. Nguzo nyingi za miti zinatoka Mufindi na Njombe, na mikoa mingine inazitegemea. Isiwe mitaa ya huku ndiyo inayozikosa. Lengo liwe kwamba hakuna mteja aliye zaidi ya mita 400 kutoka kwenye transfoma yake. Pasipowezekana, waya wa milimita 100 za mraba una ukinzani wa takribani nusu ya ule wa 50.

Kabla ya yote hayo, sawazisheni fezi. Mteja mpya wa fezi moja anapounganishwa, ni rahisi waya wake ukaenda fezi iliyo karibu na mkono wa aliyepanda nguzo. Miaka kumi baadaye fezi moja ina nyumba 60 na nyingine 25. Kazi ya kusawazisha ni ngazi, klampu mita, viunganishi na nusu siku ya kuzima umeme. Hakuna matengenezo yanayorudisha faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Na wakati wa kusawazisha, kazeni viunganishi vya nyutro. Nyutro ikiachia kwenye laini yenye fezi zisizo sawa, nyumba zenye mzigo mdogo zinapokea volti kuelekea 400 na kila kilichochomekwa kinaungua kwa sekunde chache.

Tuje kwenye vyombo vya usafiri. Pikipiki ya umeme inatumia takribani wati-saa 40 kwa kilomita barabara ya tambarare. Bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku anatumia uniti 4, na ukiongeza kinachopotea kwenye chaja ni kama 4.5. Chaja yake inavuta wati 800 hivi. Sasa rudini kwenye transfoma yetu ya kVA 100. Saa 8 usiku nyumba 120 zina friji na taa za ulinzi, tuseme kilowati 12. Pikipiki 60 zikichajiwa pamoja ni kilowati 48. Jumla ni 60, na transfoma bado ina nafasi. Transfoma ileile inayozidiwa na shawa 15 saa 1 asubuhi inaweza kuchaji pikipiki 60 usiku, mradi fezi ziwe sawa na chaja ziwe nzuri.

Chaja nzuri ni ipi? Chaja nyingi za bei rahisi hazina sehemu ya kurekebisha kipengele cha nguvu, yaani uwiano wa wati zinazotumika na VA (volti mara ampia) zinazovutwa. Chaja ya wati 800 yenye kipengele cha nguvu 0.65 inaibebesha transfoma zaidi ya VA 1,200. Ubaya wake mwingine hauonekani kwa macho. Inavuta mkondo kwa vipande vifupi vinavyozaa mawimbi ya mara tatu ya masafa ya kawaida, hetsi 150, na mawimbi hayo ya fezi tatu hayafutani kwenye nyutro, yanajumlishana. Penye chaja nyingi za aina hii nyutro inaweza kubeba hadi mara 1.7 ya mkondo wa fezi, hata fezi zikiwa zimesawazishwa kikamilifu. Waya wa nyutro haukupimwa kwa kazi hiyo. TBS iweke sharti kwamba chaja ya chombo cha usafiri inayoingia nchini iwe na kipengele cha nguvu kisichopungua 0.95, na ikaguliwe bandarini kabla hazijajaa sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Milima nayo ihesabiwe. Pikipiki, dereva na abiria wakiwa jumla ya kilo 280, kila mita 100 za kupanda wima zinakula takribani uniti 0.1, sawa na kilomita mbili na nusu za tambarare. Betri ya uniti 3 inayotangazwa kufika kilomita 75 haitafika huko Uyole kwenda Tukuyu, wala Kitonga. Kushuka hurudisha kidogo tu, na betri ikiwa imejaa hairudishi kitu, breki ndizo zinazobeba. Kwa hiyo vituo vya kubadilishia betri viwekwe juu ya milima na chini yake, visipangwe kwa umbali wa ramani. Huko Makete na Kitulo kwenye umande wa barafu, betri za lithiamu zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Zikilazimishwa, madini ya lithiamu huganda juu ya pole hasi, na betri hupoteza sehemu ya uwezo wake bila kuurudisha tena. Chumba cha kuchajia kiwe na kuta na dari.

Gari ni habari nyingine. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 inavuta ampia 32 fezi moja, sawa na pikipiki tisa. Gari moja likiwa mwisho wa laini yetu ya mita 500 linashusha volti 20. Mawili kwenye fezi moja yanashusha 41, na mtaa wote wa mwisho unabaki na 189. Tunapendekeza chaja yoyote inayozidi kilowati 3 isajiliwe ofisi ya wilaya ya shirika la umeme kabla ya kufungwa, bila ada, ili ijulikane iko transfoma ipi na fezi ipi. Kufunga chaja ya kilowati 7 kwa siri na kufunga mashine ya kusaga kwa siri ni jambo lilelile.

Ndani ya nyumba pia kuna hatari. Magari mengi yanakuja na waya wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampia 13. Soketi hiyo haikuundwa kubeba ampia 13 kwa saa nane mfululizo. Springi zake zinalegea, plastiki inakuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Gari lipunguzwe hadi ampia 10 au chini, au ifungwe soketi ya viwandani ya bluu ya ampia 32 yenye laini yake pekee kutoka kwenye bodi, waya wa shaba halisi wa milimita 6 za mraba, breka yake, kikata umeme cha miliampia 30 kinachofaa chaja za magari, na nondo ya ethi iliyopimwa. Tunasema shaba halisi kwa kuwa sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba. Ukizikwangua kwa kisu zinang'aa nyeupe. Waya huo ndio unaofungwa pia kwenye shawa, mara nyingine wa milimita 2.5 uliounganishwa kutoka soketi ya jirani. EWURA inayotoa leseni za mafundi iongeze shawa, majiko na chaja kwenye mambo anayopimwa fundi kabla ya kupewa leseni.

Kuhusu kupika tuna jambo moja ambalo wahamasishaji wa kitaifa hawalitaji, kwa sababu wanapikia pwani. Mbeya mjini, mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na Makete chini zaidi. Maharage kwenye sufuria ya wazi yanachukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam kwa jiko lilelile. Jiko la presha la umeme linapandisha joto hadi nyuzi 112 hivi hata huku juu. Ndiyo maana kwa Nyanda za Juu jiko la presha si anasa ya kuchagua kati ya mengine. Jiko la koili la kilowati 2 kwa maharage ya hapa ni kupoteza uniti na kuelemea transfoma. Jiko la presha la kilowati 1 linavuta nguvu yote kwa dakika 15 au 20 za mwanzo, kisha linawaka na kuzima, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya nusu uniti. Mkigawa majiko kwa ruzuku, gaweni ya aina hii.

Shule na magereza ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa umeme, sufuria la lita 250 kutoka nyuzi 15 hadi kuchemka linahitaji uniti 23, bila kuhesabu kinachopotea. Sufuria mbili za kilowati 24 kila moja ni ampia 70 kwa kila fezi. Shule hiyo ipewe transfoma yake, isichomekwe kwenye ya kijiji. Habari njema ni kwamba shule inapika kati ya saa 3 na saa 6 mchana, muda ambao mtandao umelegea. Basi ratiba hiyo ilindwe kwa maandishi.

Mashine za kukoboa mpunga za Igurusi na Ubaruku zinastahili neno. Mota ya kilowati 22 ikiwashwa moja kwa moja inavuta kama ampia 250 kwa sekunde kadhaa, zaidi ya uwezo wote wa transfoma ya kVA 100. Taa zinafifia kijiji kizima na chaja zinajizima. Kiwashio cha sta-delta, kinachoianzisha mota kwa volti pungufu, kinapunguza mkondo huo hadi theluthi moja. Kidaiwe kwa kila mota inayozidi kilowati 7.5, na msimu wa mavuno ukaguzi ufanyike mashineni, usiishie kwenye makaratasi.

Sasa bei. Kwa mpangilio uliotangazwa 2016, mteja wa D1, daraja la nyumba zinazotumia umeme kidogo, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti ya ziada. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, analipa 292, zote kabla ya kodi na tozo. Familia yenye taa, televisheni na friji ndogo inatumia uniti 35 hadi 45. Ikianza kupika kwa umeme inaongeza 45 hadi 60. Inavuka 75. Aliyekuwa analipa 7,500 kwa uniti 75, akitumia 85 anafika 11,000, na akihamishiwa T1 uniti hizohizo 85 ni 24,820. Mkakati unamwambia apike kwa umeme, mita inamwambia asithubutu. EWURA ipandishe kikomo cha D1 hadi uniti 130 kwa nyumba iliyothibitishwa kupikia umeme, au iweke daraja la kati lisilo na mruko huo.

Na iwepo bei ya usiku. Vituo vya kuchajia betri na nyumba zenye chaja zilizosajiliwa zipewe mita ya pili ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) yenye saa ndani yake, uniti za saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri ziwe nafuu na za saa 12 jioni hadi saa 3 usiku ziwe ghali. Bila sababu ya fedha, kila bodaboda atachomeka betri anaporudi nyumbani saa 2 usiku, wakati ugali uko jikoni.

Hakuna lolote kati ya haya litakalofanyika vizuri bila vipimo. Kila mita ya LUKU inajulikana inanunua uniti ngapi. Kinachokosekana ni kuiandika iko transfoma ipi na fezi ipi. Hilo ni zoezi la kutembea mtaani na daftari, na vijana wa vyuo vya ufundi wanaweza kulifanya wakisimamiwa. Kisha zifungwe mita za kurekodi kwenye upande wa msongo mdogo wa transfoma, klampu nne, tatu za fezi na moja ya nyutro, zikisoma kila dakika 10 kwa siku saba, pamoja na kipima volti kwenye nguzo ya mwisho. Vipimo vifanyike mwezi wa sita na wa saba. Ukipima mwezi wa kumi na moja utaandika kwamba kila kitu kiko salama.

Transfoma ambayo fezi yake yoyote imepita asilimia 80, au nyutro yake imepita nusu ya fezi, isawazishwe ndani ya mwezi. Ambayo baada ya kusawazishwa bado imepita 80, iwekwe kwenye bajeti ya kugawanywa. Anzeni na Ilomba, Iyunga, Uyole na Mwanjelwa kwa Mbeya, Kihesa na Mkwawa kwa Iringa, Njombe mjini, na Tunduma, ambako malori, baa na nyumba za wageni vinakua haraka kuliko nguzo. Namba ya kila transfoma, uwezo wake na mzigo wa juu uliopimwa vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, ili mtu anayetaka kufungua kituo cha kuchajia betri au kununua majiko ya hoteli ajue mapema aombe kuunganishwa wapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi na wahandisi wa umeme,
Nyanda za Juu Kusini